Kituo cha kutwa cha watu wazima wenye ulemavu wa akili mjini Moshi: tathmini baada ya miezi 14

Siku ya kwanza niliyompeleka kaka yangu, binti aliyetupokea getini alianza kwa kumwamkia yeye kabla yangu. "Shikamoo kaka," alisema, kisha akasubiri. Kaka ana miaka 36 na binti yule hakuzidi 23, kwa hiyo hakufanya zaidi ya kile ambacho desturi inamtaka kila mdogo amfanyie mkubwa wake. Hata hivyo nilisimama pale na mfuko wa nguo za kubadilisha mkononi, nikashindwa kuingia kwa muda, kwa sababu sikukumbuka ni lini mtu asiye wa ukoo wetu alimpa kaka shikamoo. Watoto wa mtaani kwetu Majengo huniamkia mimi, humwamkia na mama, halafu humpita yeye bila neno. Kaka aliitazama midomo ya yule binti, akachelewa kidogo, kisha akajibu "Marahaba" kwa sauti iliyosikika hadi jikoni.

Naandika tathmini hii nikiwa nimesimama pande mbili. Kwa upande mmoja mimi ni ndugu anayelipa ada ya kila mwezi. Kwa upande wa pili nimeifanya kazi hiyohiyo kwa miaka sita, katika makao ya watu wenye ulemavu wa akili mkoani Arusha, kabla mama hajazeeka na mimi kulazimika kurudi Moshi. Najua zamu ya usiku ilivyo, najua uzito wa mtu mzima anayehamishwa kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu, na najua mambo ambayo mhudumu huyafanya mgeni akiwapo na kuyaacha mgeni akishaondoka. Kwa hiyo katika miezi hii 14 nilifika mara nyingi bila taarifa, nilikaa hadi saa za kulisha na kuogesha, na mara tatu nilishika zamu ya kujitolea wahudumu walipopungua. Jina la kituo nimeliacha kwa makusudi, kwa kuwa wanaohudumiwa pale ni watu wazima 14 ambao hawakuniruhusu niwatangaze, na Moshi si mji mkubwa wa kumficha mtu. Ndugu anayekihitaji afike ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, ambako maofisa wanakifahamu. Kutoka stendi kuu ni mwendo wa dakika 15 kwa bajaji.

Kaka ana sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayoathiri akili na mwili. Alisoma katika kitengo cha elimu maalumu cha shule ya msingi, akajifunza kuandika jina lake, kuhesabu hadi 20 na kupanga nguo, na alipofika umri wa miaka 17 kitengo kikatuambia kwamba amekuwa mkubwa mno kukaa darasani na watoto. Hapo ndipo mlango ulipofungwa. Kwa miaka 18 alikaa nyumbani, akimsaidia mama kuchota maji na kufagia uwanja, na kila mwaka alizidi kunyamaza. Hali hii naijua pia kutokana na kazi yangu ya zamani, kwa maana makao niliyofanyia kazi yalianzishwa kwa ajili ya watoto, na watoto wale walipoota ndevu na kuanza kuvunja ungo, hakuna aliyekuwa amefikiria wafanyiwe nini. Wafadhili hupenda kuwasaidia watoto, na majengo hupakwa rangi za kitoto. Mtu mwenye mtindio wa ubongo au usonji anapofikisha miaka 25, familia yake hubaki ikiuliza mlango mmoja baada ya mwingine. Ndiyo maana kituo cha kutwa kilichoanzishwa mahususi kwa watu wazima ni jambo la kushukuru, na ndiyo maana pia nakipima kwa kipimo kikali.

Kituo hufunguliwa saa 2:00 asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa, na watu huondoka saa 9:30 alasiri. Ratiba si ya kushangaza: uji saa 4:00, kazi za mikono, chakula cha mchana saa 7:00, mapumziko, kisha mazoezi ya viungo au muziki. Nisingependa kuieleza zaidi ya hapo, kwa sababu ratiba yoyote huonekana nzuri ikibandikwa ukutani. Cha muhimu ni namna inavyotekelezwa, na kwangu mimi mahali pa kwanza pa kutazama ni meza ya chakula.

Katika kazi hii kulisha ndiko kunakobeba hatari kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mtu mwenye mtindio wa ubongo ambaye misuli ya koo lake haifanyi kazi sawasawa anaweza kuingiza chakula kwenye njia ya hewa bila hata kukohoa, na chakula kile kikifika mapafuni huleta nimonia. Magonjwa ya kifua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya watu wenye ulemavu mkubwa wa akili. Nimewahi kuona, mahali pengine, mhudumu akimlisha mtu huku amesimama, kijiko kikitoka juu, mlishwaji akilazimika kuinua kidevu na hivyo kuifungua njia ya hewa badala ya kuilinda. Katika kituo hiki, tangu wiki ya kwanza, nilimwona kila mhudumu akivuta stuli na kukaa macho yake yakiwa sawa na ya anayekula. Mlishwaji huketishwa wima na kidevu chake huinamishwa kidogo. Kijiko hujazwa nusu, na mhudumu huangalia koo mpaka liteme au limeze kabla ya kuleta kijiko kingine. Baada ya kula hakuna anayelazwa mpaka nusu saa ipite. Wapo watatu wanaolishwa kwa namna hiyo, na chakula chao kikuu ni mtori, yaani supu nzito ya ndizi na nyama, uliopondwa vizuri, ambao kwa uzito wake wa kiasi na ulaini wake unawafaa kuliko supu nyepesi, kwa sababu kimiminika chepesi ndicho kinachokimbilia njia ya hewa upesi. Mpishi ni mama wa Kibosho ambaye hakusomea lishe, lakini alielekezwa na mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yaani anayewasaidia watu kumudu shughuli za kila siku kama kula na kuvaa, akaelewa sababu, na sasa yeye ndiye anayewakumbusha wengine wasiongeze maji kwenye sufuria.

Wanaojilisha wenyewe hujipakulia. Huchukua muda mrefu, mchuzi humwagika mezani, na mhudumu mwenye haraka angeona ni heri awapakulie yote ndani ya dakika tano. Pale huachwa wamwage. Kaka aliyekuwa akipewa sahani iliyojaa na mama kwa upendo wote sasa anajua kusema kwamba hataki maharage, na ameacha maharage tangu Machi. Mama alisikitika aliposikia, maana maharage aliyapika kwa miaka yote akiamini mwanawe anayapenda.

Jambo la pili ninalolitazama ni mlango wa choo, na hapa pia nilikuta desturi yetu ikitumika mahali ambapo mara nyingi husahauliwa. Wahudumu wa kituo hiki hupiga hodi. Hupiga hodi hata kwa yule asiyeweza kusema "karibu", kisha husubiri kidogo kabla ya kuingia, na huyu naye, kwa kuwa amezoea, hugeuza kichwa kuelekea mlangoni. Wanaume hutawazwa na wanaume na wanawake hutawazwa na wanawake, pazia hufungwa, na mhudumu humwambia mtu anachotaka kufanya kabla ya kumgusa: sasa nakuvua, sasa nakuosha mguu wa kulia, maji ni ya moto kidogo. Kwa mtu ambaye maisha yake yote amevuliwa na kuvalishwa na mikono ya wengine, maneno hayo machache humpa nafasi ya kukubali au kukataa. Pia humlinda, kwa sababu mtu aliyezoea kuguswa bila kuulizwa hana namna ya kutambua, wala ya kueleza, siku atakapoguswa na mtu mwenye nia mbaya. Katika miaka yangu sita Arusha hatukufundishwa jambo hili na mtu yeyote. Nililigundua mwenyewe, nikiwa nimechelewa, baada ya dada mmoja niliyekuwa nikimwogesha kuniuma mkono kwa hofu.

Upande wa dawa kituo kinafanya vizuri, ingawa si bila kosa, na kosa lenyewe lilimgusa kaka. Watu wenye sindromu ya Down hupata kwa wingi zaidi tatizo la tezi ya shingoni kufanya kazi chini ya kiwango, na kaka amekuwa akimeza kidonge cha levothairoksini kila alfajiri kwa miaka tisa. Kidonge hicho hutakiwa kumezwa kwa maji tumbo likiwa tupu, angalau nusu saa kabla ya kifungua kinywa, kwa kuwa chakula, na hasa maziwa, huzuia dawa isinyonywe vizuri mwilini. Kituo kina huduma ya kulala mwisho wa juma kwa familia zinazohitaji kupumzika, na mara ya kwanza kaka alipolala pale alipewa kidonge pamoja na chai ya maziwa, siku zote mbili. Dozi mbili zisingemdhuru, lakini lingekuwa jambo la kila siku lingemrudisha kwenye uchovu, kuvimba uso na baridi isiyoisha. Nilipoeleza, msimamizi hakujitetea. Alileta daftari la dawa mbele yangu, akaniomba nieleze tena polepole, akaandika kwa kalamu nyekundu saa, maji, na muda wa kusubiri, kisha akawaita wahudumu wote wa zamu wakalisoma na kutia sahihi. Tangu hapo kosa hilo halijarudiwa.

Daftari hilo lenyewe linastahili kusifiwa. Kila dawa hutolewa na mmoja na kushuhudiwa na mwingine, na wote wawili hutia sahihi. Wanne kati ya wale 14 wana kifafa, na kila degedege huandikwa saa lilipoanza, lilichukua dakika ngapi, upande gani wa mwili ulianza kutikisika, na mtu alichukua muda gani kurudi katika hali yake. Nilikuwapo siku moja kijana mmoja alipoanguka karibu na banda la kuku. Mhudumu wa kwanza aliweka kanga iliyokunjwa chini ya kichwa chake, akasogeza jembe lililokuwa karibu, akaanza kuhesabu kwa saa ya mkononi. Wa pili aliwaondoa wengine kwa utulivu, na mwendo ulipokoma wakamlaza ubavu ili mate yatoke. Hakuna aliyemtia kijiko mdomoni, hakuna aliyemnusisha kitu, hakuna aliyekimbia kwa kuogopa povu. Walijua kwamba ikifika dakika tano ni gari na hospitali. Ilikuwa dakika mbili na nusu. Nawaomba wenye ndugu mwenye kifafa, popote wanapompeleka, waulize kwanza kuhusu daftari kama hili, na waulize pia nini hufanyika dawa zikikaribia kwisha, kwa sababu kuzikatiza ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokoma.

Nieleze na jambo lililonifanya niamini kwamba wahudumu hawa wanatazama, si kulinda tu. Mwezi wa tano wa kaka pale, alianza kugoma. Alikaa chini ya mparachichi, akakataa kuingia kazini, na akiitwa hakugeuka. Mtaani neno lingekuwa moja tu, kwamba ameanza ukorofi, na yupo jirani aliyemshauri mama ampeleke kwenye maombi. Mhudumu mmoja, kijana wa Uru, aliona kwamba kaka huvuta sikio la kushoto kila anapokunywa, na kwamba hugeuka akiitwa kutoka kulia. Aliandika, akaniita, akaniambia: "Dada, nadhani kaka hasikii, si kwamba hataki." Tulimpeleka hospitali, wakakuta nta imeziba masikio yote mawili, la kushoto likiwa na uambukizo. Watu wenye sindromu ya Down huwa na njia nyembamba za sikio, kwa hiyo nta huziba kwa urahisi, na uwezo wao wa kusikia hupaswa kupimwa mara kwa mara. Mimi, niliyefanya kazi hii miaka sita, nilikuwa naishi naye nyumba moja na sikuliona.

Nimewaomba pia wamwandikie kaka rejista ya mambo anayoweza kuyafanya sasa, na wamekubali: anafunga vifungo vingapi bila msaada, anakumbuka majina ya nani, anapotea njia au la. Sababu ni kwamba kromosomu ya 21, ambayo watu wenye hali hii wanazo nakala tatu badala ya mbili, ndiyo iliyobeba jeni inayohusika na protini inayojikusanya katika ubongo wa wenye maradhi ya Alzheimer, na hivyo wengi wao huanza kusahau mapema, wakiwa katika miaka ya 40 au 50. Kaka amebakiza miaka minne tu kufika huko. Bila rejista ya leo, siku atakapoanza kupoteza mambo tutaambiwa kwamba ndivyo alivyokuwa siku zote.

Kazi za mikono ni bustani ya mchicha na figiri, kuku wa kienyeji, na utengenezaji wa sabuni ya maji inayouzwa madukani jirani na kwa familia. Kila Ijumaa kila mmoja hupewa Sh 3,000 mkononi mwake, si mkononi mwa ndugu, na husindikizwa dukani kwa Mangi kununua anachotaka. Kaka hununua soda mbili, moja huinywa palepale na ya pili huileta nyumbani kwa mama, ambaye hawezi kuinywa kwa sababu ya sukari lakini huipokea kwa mikono miwili na kumshukuru. Ninachokidai kituo hapa ni hesabu. Sabuni inauzika vizuri, na katika miezi 14 hakuna aliyetueleza mapato ni kiasi gani, gharama ni kiasi gani, na Sh 3,000 zilipatikanaje. Simtuhumu mtu. Ila hawa ni wafanyakazi, na mfanyakazi, hata asiyejua kusoma, ana haki ya kuelezwa jasho lake limekwenda wapi. Inaweza kufanyika kwa picha, kwa chupa na sarafu mezani. Vilevile kituo hakijampatia hata mmoja kazi ya nje, ilhali Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Wapo pale wawili ambao wangeweza kabisa kukunja nguo katika hoteli au kupanga bidhaa katika duka kubwa.

Dosari iliyoniumiza zaidi ni ndogo kwa kuitazama. Katika ukumbi wa kuingilia palikuwa na ubao mkubwa wa picha wenye maandishi "Watoto Wetu", na chini yake nyuso za watu 14, mmoja wao akiwa na mvi. Katika vikao vya familia, vinavyofanyika kila baada ya miezi mitatu, uongozi husema "mtoto wako ameendelea vizuri", huku mwenyewe ameketi hapo, ana miaka 36 na ndevu alizozinyoa asubuhi kwa mkono wake. Wahudumu wadogo, wanaolipwa kidogo kuliko wote, humpa shikamoo. Wenye ofisi humwita mtoto. Mtu anayeitwa mtoto hataulizwa anataka kulala saa ngapi, hatapewa fedha yake, hataelezwa msiba ukitokea, na akipenda mtu itachukuliwa kuwa ni mchezo au aibu. Nililisema hili kikaoni kwa heshima, nikiwa nimemgeukia kaka kwanza na kumuuliza kama anaruhusu nimzungumzie. Ubao umebadilishwa na sasa umeandikwa "Wanakituo". Vipeperushi vinavyotumwa kwa wafadhili havijabadilishwa, na vimebeba picha za watu wakilishwa, ambazo sina hakika kama wao wenyewe waliulizwa. Nimepeleka barua, na bado nasubiri jibu.

Sasa niseme kuhusu wahudumu wenyewe, kwa sababu tathmini nyingi za vituo husifu majengo na kuwasahau. Wapo watano, na kila siku wanne huwa zamu. Yaani mhudumu mmoja kwa watu watatu au wanne, uwiano unaotosha siku ya kawaida na usiotosha siku mmoja akiugua. Katika miezi 14 wameondoka watatu. Mmoja alikwenda kuuza mitumba soko la Memorial, na aliponieleza kipato chake cha huko sikuwa na la kumlaumu. Kila mhudumu anapoondoka, kuna mtu asiyeweza kusema ambaye anabaki akimtafuta kwa macho getini kwa wiki kadhaa, na kuna maarifa yanayoondoka naye: kwamba huyu akikunja vidole ana haja, kwamba yule akiimba wimbo fulani ana maumivu. Maarifa hayo hayamo katika cheti chochote.

Mwili nao hulipa. Mgongo wangu uliharibika mwaka wangu wa nne, kwa kumwinua peke yangu kijana wa kilo 60 kila alfajiri, kwa sababu mwenzangu wa zamu alikuwa upande mwingine wa jengo na mtu amelowa hawezi kuambiwa asubiri. Katika kituo hiki wapo wawili wasioweza kusimama, na sheria ya ndani ni kwamba huinuliwa na wahudumu wawili, magoti yakiwa yamekunjwa na migongo imenyooka, breki za kiti zikiwa zimefungwa kwanza. Nimeiona ikifuatwa hata siku ya pilikapilika. Wana mikataba ya maandishi na michango yao ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, hupelekwa, mambo ambayo mimi sikuwa nayo. Lakini mafunzo yao ni ya siku tano tu mwanzoni, kisha hujifunza kwa kuwatazama wenzao, na mtaalamu wa tiba kwa vitendo hufika mara moja kwa mwezi. Katika mji wenye hospitali ya rufaa ya KCMC, ambako wataalamu wa fani hiyo hufundishwa, naamini ingewezekana kupata zaidi ya hapo. Na hakuna mtu anayewauliza wahudumu hali zao. Nilimkuta yule binti wa getini siku moja amekaa nyuma ya jiko analia, baada ya mwanakituo mmoja aliyemhudumia mwaka mzima kufariki kwa nimonia hospitalini. Alipewa siku moja ya kwenda kuzika, na kesho yake alikuwa zamu, akitandika kitanda kilekile. Ningependa uongozi ulione hilo kuwa ni sehemu ya huduma.

Majengo ni ya kawaida, safi, yenye vumbi wakati wa kiangazi kama Moshi yote. Choo chenye vishikio ukutani ni kimoja tu kwa watu 14, na foleni ya baada ya uji huwaaibisha wengine. Njia ya mteremko kutoka ukumbini hadi bustanini ilisakafiwa laini mno. Wakati wa masika mwezi wa Aprili niliona kiti kikiteleza na mhudumu akikizuia kwa mwili wake. Waliahidi kuikwaruza zege, na mpaka ninapoandika wametandika magunia.

Ada ni Sh 90,000 kwa mwezi, chakula kikiwamo, na kulala Ijumaa hadi Jumapili ni Sh 25,000. Pampasi za watu wazima na dawa hujitegemea, nazo ndizo zinazowalemea wengi kuliko ada. Zipo nafasi mbili za msamaha kwa familia zisizojiweza, zote zimejaa. Sishauri kituo hiki kwa mtu anayehitaji mhudumu wake peke yake siku nzima, au mwenye tabia ya kukimbilia barabarani, kwa sababu geti huachwa wazi mchana kwa makusudi, na kwa wengi uamuzi huo ni sahihi. Familia inayoanza ipewe wiki mbili za majaribio; waombeni ziwe za nusu siku, na mwandike kwenye karatasi mambo ambayo ninyi tu mnayajua: anaogopa nini, huonyeshaje maumivu, anapenda kuitwa nani.

Tangu Julai wanamfundisha kaka kupanda daladala. Kwa wiki tatu mhudumu alikaa naye, kisha akakaa kiti cha nyuma yake, kisha viti vinne nyuma. Nauli anaishika mwenyewe, imehesabiwa tangu nyumbani. Jumanne ya wiki iliyopita konda alimwita "mzee", akapokea fedha yake, na kituo cha kushukia kilipofika kaka akasema "Shusha" kabla mhudumu hajafungua mdomo. Mwezi ujao atajaribu safari ya jioni, ambayo magari hujaa zaidi na makonda huwa na haraka, na nimeomba niwe nimesimama kwenye kituo cha daladala atakaposhuka.